Ngiri Aliyetazama Ukuta

Marehemu hakukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililomuudhi Lenzi kuliko yote. Mtu aliye hai hukoroma, huchelewa kurudi, husahau mkate aliotumwa, huacha taulo bichi juu ya kitanda. Marehemu alikuwa ameacha makosa yote hayo miaka kumi na miwili iliyopita, siku aliyozikwa, na tangu hapo kila mwaka ulimwongezea sifa moja na kumfutia kasoro mbili. Kufikia sasa alikuwa mtu ambaye hakuwahi kupandisha sauti, seremala ambaye milango yake haikulia bawaba, baba aliyembeba bintiye mabegani kwenda sokoni na kurudi bila kusema amechoka. Utashindana vipi na mtu wa namna hiyo? Huwezi hata kumtukana, maana watu watakushangaa.

Kuna wanawake wanaoishi na mke mwenza. Lenzi aliishi na mume mwenza, tena mume mwenza asiyekula, asiyelala na asiyeondoka.

Jina la Lenzi alipewa kazini, kwa sababu ya kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa kamba nyeusi mwaka mzima, hata kwenye harusi za watu. Alikuwa mkaguzi wa vitu vya mbao katika jumba la makumbusho. Mtu akileta kigoda na kudai kilikaliwa na babu wa babu yake, Lenzi ndiye aliyekigeuza chini juu, akakinusa, akakikodolea macho, kisha akaandika kwenye fomu kama ni cha kale kweli au ni cha juzi kilichofukizwa moshi. Miaka ishirini na mmoja, na hakuna aliyewahi kuipinga fomu yake. Alipenda kusema kwamba mbao hazisemi uongo. Uongo ni wa mwenye mbao.

Nyumbani alikuwa mume wa pili. Alimwoa fundi cherehani, mjane wa Marehemu, miaka tisa iliyopita, akamkuta na binti wa miaka kumi na mitatu ambaye baada ya miezi miwili alianza kumwita Baba bila kuambiwa na mtu. Lenzi alishukuru sana kwa hilo. Mkewe naye alikuwa mcheshi, mchapakazi, na kwa mdomo wake hakuwahi kumlinganisha na yeyote. Lakini pale sebuleni, juu ya kabati la vyombo, alikaa ngiri.

Alikuwa ngiri wa mbao nyeusi, ukubwa wa mkate mzima, kichwa ameinamisha kama anayetaka kuvamia, meno mawili ya mfupa yametokeza pembeni mwa mdomo, na mkia umesimama wima. Marehemu alimpeleka siku aliyokwenda kuposa. Alisema kachongwa na babu wa babu yake, akapita mkono kwa mkono mpaka kumfikia yeye, na sasa anampa mchumba wake. Lenzi aliijua hadithi hiyo kuliko jina la shule aliyosoma, kwa sababu binti alimsimulia kila mgeni aliyekaa kwenye kochi.

Kwa hiyo Lenzi alimgeuza. Kila asubuhi, mkoba begani na kikombe cha chai mkononi, alipita nyuma ya kiti cha mkewe, ambaye saa hiyo alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, akafika kabatini kuchukua funguo zake, na kabla ya kutoka akamkamata ngiri shingoni na kumgeuza atazame ukuta. Hakufanya kwa vishindo. Ilikuwa kama kufunga mlango. Jioni akirudi, alimkuta ngiri amerudishwa, anamkodolea macho kuanzia mlangoni. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo. Yeye alimgeuza, mtu akamrudisha, miaka tisa, na Lenzi alikuwa na hakika anamjua huyo mtu na anaijua sababu yake. Mwanamke hawezi kuvumilia kumwona mpenzi wake amewekwa ukutani kama mwanafunzi mtukutu.

Ajabu ni kwamba mkaguzi huyu, aliyekagua vigoda, mitumbwi na mipini ya visu ya watu wote, hakuwahi kumtazama ngiri kwa kioo chake. Kumkagua kungekuwa kumpa heshima. Na kama angemkuta ni wa kale kweli, basi Marehemu angekuwa ameshinda na hapo pia.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Lenzi hakukonda. Alinenepa, akaongeza matundu mawili kwenye mkanda, lakini kidonda alikuwa nacho.

Siku moja aliondoka nyumbani akimwacha ngiri anatazama ukuta kama kawaida. Saa nne asubuhi, mkuu wa jumba aliingia ofisini kwake na katoni mikononi. Mama huyu wafanyakazi walimwita Mama Saini, kwa kuwa hata balbu haikubadilishwa bila saini yake.

"Lenzi, leo nimekuletea kitu cha kuwekwa kwenye Chumba cha Urithi," alisema, akaiweka katoni mezani kwa upole kama anayemlaza mtoto. "Kimeletwa na mwalimu mmoja, msichana mzuri, anajua kujieleza. Vizazi vitano, anasema. Nikipata jibu lako Ijumaa, Jumatatu kinaingia kabatini, kabati la kioo, lile la mlangoni kabisa."

Akakifunua. Ngiri akamtazama Lenzi.

Lenzi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Kwenye fomu aliuona mwandiko wa binti, herufi za duara za mtu anayefundisha darasa la kwanza. Mahali pa jina la ukoo palikuwa na jina la Marehemu. Jina hilo lingeandikwa kwenye kibao cha shaba, kwenye kabati la mlangoni, na Lenzi angelipita asubuhi akiingia, mchana akienda kula, na jioni akitoka, mpaka astaafu. Nyumbani alikuwa na ngiri, sasa afuatwe na kazini!

Kanuni ya jumba ilikuwa wazi: mkaguzi hakagui kitu cha nyumbani kwake. Alipaswa kusema palepale. Alifungua mdomo.

"Kuna neno?" Mama Saini aliuliza.

"Hapana, mama. Ijumaa utapata."

Akaufunga mlango, akavaa glavu nyeupe za pamba. Hakuna kitu kilichoguswa kwa mikono mitupu katika chumba kile; jasho la mtu lina chumvi na mafuta, na mbao hukumbuka kila kinachozigusa. Taa ya mezani aliiweka upande wa kulia kama siku zote, maana aliandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake wa darasa la kwanza aliuchapa mkono ule mwaka mzima, na mkono ukamshinda mwalimu.

"Haya," alimwambia ngiri. "Leo tumekutana mahali pangu."

Alianza kwa kunusa. Chini ya harufu ya vumbi na sabuni ya mkewe palikuwa na harufu nyingine, nyembamba, ambayo pua isiyo na ujuzi isingeipata. Rangi ya viatu. Moyo wa Lenzi uliruka. Akaitazama mbao ya tumboni, mahali ambapo mwongo huchoka na kuharakisha, akaona mikwaruzo midogo iliyolala sambamba, maelfu. Msasa. Babu wa babu alikuwa na tezo na kisu. Msasa angeutoa wapi? Vitundu vya wadudu kwenye mguu wa nyuma vilikuwa vimenyooka, vyote kina kimoja, maana mdudu aliyevitoboa alikuwa msumari. Kisha akalivuta jino la kushoto polepole mpaka likachomoka, akamulika ndani ya tundu. Chini kabisa, katikati, palikuwa na kishimo kidogo kama ncha ya kalamu, alama inayoachwa na kekee ya dukani, chombo cha kutobolea mbao.

Hayo tayari yalitosha. Lakini Lenzi alikuwa mtu wa kumaliza sahani. Alipekua nyuma ya masikio, na hapo akaiona mikwaruzo ya patasi, na katikati ya kila mkwaruzo mstari mmoja mwembamba uliosimama juu, kama unywele. Patasi ile ilikuwa na pengo kwenye makali. Mstari huo Lenzi aliujua. Ulikuwa kwenye mlango wa chumba chake cha kulala, kwenye fremu, kila pigo la patasi na unywele wake; aliutazama kila asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani. Mlango ule ulitengenezwa na Marehemu.

Babu wa babu hakuwahi kuwapo. Ngiri alichongwa na Marehemu mwenyewe, akapakwa rangi ya viatu, akatobolewa kwa msumari, akapelekwa kwa mchumba na hadithi ya vizazi vitano.

"Mwongo!" Lenzi alisema kwa sauti, akacheka peke yake mpaka akalazimika kuvua miwani. "Mwongo mkubwa wewe!"

Ilikuwa furaha aliyoingoja miaka tisa. Marehemu alikuwa na kosa! Tena si la kusahau mkate. Kosa lenye ushahidi, linaloonekana kwa kioo, la kuandikwa kwenye fomu na kupigwa muhuri. Alishika kalamu, akajaza mstari kwa mstari kwa mwandiko wake wa kulala. Aina ya mbao. Vifaa vilivyotumika. Umri: miaka ishirini na mitano, isizidi. Uamuzi: si cha kale. Kila neno lilikuwa tamu mdomoni.

Ulibaki mstari wa saba peke yake, Alama za matumizi, ambao watu wengi huuruka. Lenzi hakuwahi kuuruka. Alimvuta ngiri karibu na taa, akaitazama shingo.

Shingo ilikuwa inang'aa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kibonde laini ambapo kidole gumba kilikuwa kikitua, na upande wa pili wa shingo vibonde vingine vinne, vimepangana. Rangi ya viatu ilikuwa imekwisha kabisa mahali hapo, mbao imebaki na wekundu wake wa asili, imelainika kama mpini wa jembe. Mkono wa mtu mmoja. Mara nyingi mno, kwa namna ileile. Vitu vilivyopita vizazi vitano huwa na alama za mikono ya kila aina, huku na huku. Huyu alikuwa ameshikwa na mtu mmoja aliyempenda.

Marehemu mwenyewe, labda? Lenzi alitaka iwe hivyo. Lakini katikati ya kibonde cha kidole gumba palikuwa na doa la kijani. Alilisogezea kioo, akalitambua. Wiki aliyohamia nyumba ile, Lenzi alipaka rangi sebule yote kwa mikono yake, kijani cha majani machanga, ili apaone pake. Tone moja lilimrukia ngiri shingoni. Hakulifuta, alifurahi limemchafua. Na sasa tone lile lilikuwa limelika katikati, limebaki pete nyembamba pembezoni. Mkono ule ulikuwa umelisugua tone baada ya kukauka.

Kwa hiyo mapenzi yale hayakuwa ya zamani. Yalikuwa ya miaka tisa hii hii, ya ndoa yake yeye. Alipokuwa kazini akinusa vigoda, mkewe aliinuka kwenye cherehani, akaenda kabatini, akamshika Marehemu shingoni, akampapasa sikio kwa kidole gumba. Kila siku ya Mungu. Kisha akamgeuza aitazame sebule yake.

Mwanafunzi wa ukaguzi, hata wa wiki ya kwanza, angechukua rula akaupima upana wa mkono ule. Lenzi hakupima. Aliikunja fomu, mstari wa saba mtupu, akaitia mfukoni, akamsainia ngiri mwenyewe kwenye daftari la vitu vinavyotoka, bila kumngoja Mama Saini, na saa kumi na nusu alikuwa njiani na katoni kwapani, anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake.

Mkewe alikuwa anapindua ukosi wa shati. Binti alikuwa mezani na rundo la madaftari ya wanafunzi wake, kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Shikamoo Baba. Ee! Mbona umemrudisha? Nilitaka iwe surprizi!"

"Marahaba. Imekuwa," Lenzi alisema. Alimtoa ngiri, akamtua mezani juu ya madaftari. "Nimemkagua. Si wa kale. Kachongwa na baba yako, huyo marehemu, akapakwa kiwi ya viatu. Hakuna babu wa babu. Hakuna vizazi vitano. Miaka yote hii mmedanganywa."

Alikuwa ameipanga hotuba ile njia nzima, na ilipotoka ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Akangoja. Alingoja mkewe apauke, ashike kifua, aseme haiwezekani.

Mkewe aliondoa mguu kwenye pedali. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua kamchonga yeye. Aliniambia mwenyewe, hata mwaka wa kwanza haujaisha. Alilia akiniambia." Alikata uzi kwa meno. "Baba yangu alisema hamwozi bintiye mtu asiye na ukoo. Na yule kweli hakuwa nao, kaokotwa mlangoni kwa watu, kalelewa na wasio wake. Hakuwa na babu. Basi akaenda kujitengenezea babu kwa kipande cha mbao. Wiki tatu, vidole vyote kajikata."

Binti alikuwa ameacha mdomo wazi. "Kwa hiyo... kamchonga yeye? Kwa mikono yake?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilitaka nikuambie siku yako ya kuolewa. Nisamehe, nilikuacha usimulie."

"Jamani, mama!" Binti alimvuta ngiri kifuani, akamkumbatia. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anacheka. "Mimi nilikuwa namtunza wa watu nisiowajua. Kumbe ni yeye mwenyewe!"

Lenzi alitazama ushindi wake wote ukimwagika sakafuni. Alikuwa amelifukua kosa la Marehemu, na kosa lenyewe lilikuwa zuri kuliko sifa zake zote.

"Ila wewe umenishangaza," mkewe aliendelea, safari hii akimtazama usoni. "Wewe si mtaalamu? Umekaa naye nyumba moja miaka tisa. Mimi siku zote nilidhani ulijua tangu siku ya kwanza ulipoingia, ukaninyamazia kwa heshima. Nilikuwa nikisema moyoni, huyu mwanaume ana adabu. Anajua na hajanicheka."

Maneno hayo yalimchoma mahali pabaya, na mtu aliyechomwa hurusha alichonacho. "Mimi na adabu yangu," alisema Lenzi, "sikujua. Sikutaka kumtazama. Lakini leo nimemtazama, na nimeyaona mengine. Unampapasa. Kila siku nikitoka, unamshika hapa, shingoni, unampapasa. Usikatae, mbao hazisemi uongo!"

"Nampapasa nani?"

"Huyo! Mumeo!"

Mkewe aliliweka shati kando. Binti aliweka ngiri mezani taratibu.

"Nionyeshe," mkewe alisema.

Alimwonyesha. Alikitoa kioo shingoni, akampa, akamwelekeza kibonde cha kidole gumba, vibonde vinne vya upande wa pili, wekundu wa mbao, na pete ya kijani. Alieleza kama anavyowaeleza wageni wa jumba, na kadiri alivyoeleza ndivyo wivu ulivyomkaba. "Tone hili lilidondoka wiki niliyohamia. Tazama lilivyolika. Kwa hiyo si mkono wake yeye. Alikuwa kaburini. Ni mkono wa mtu aliyemo humu ndani, tena wa kila siku. Sasa niambie ni wa nani."

Mkewe alitazama kwa kioo muda mrefu kuliko Lenzi alivyopenda. Kisha akamweka ngiri amtazame, kama anavyokaa kabatini, akamshika shingoni kwa mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilitua nyuma ya sikio la kulia, mahali pakavu palipobaki na kiwi yake.

"Si hapa," alisema. Akabadilisha mkono. Sasa kidole gumba kilikipata kibonde, lakini vidole vingine havikufika. Viliishia juu ya shingo, vikabaki vinaelea. Vilikuwa vidole vifupi vya mshonaji, na ncha zake zimejaa matundu ya sindano.

"Mkono mkubwa kuliko wangu," alisema polepole. "Na wa kushoto."

Binti alijaribu naye, bila kuambiwa. Mkono wake nao haukufika.

Lenzi alinyoosha mkono amwondoe ngiri mezani, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na mkono ukaenda wenyewe. Kidole gumba kiliingia kibondeni kama mguu unavyoingia kwenye kiatu cha miaka. Vidole vinne vikaangukia mahali pake, kimoja kimoja. Haikubaki nafasi hata ya unyoya.

Miaka ishirini na mmoja alikuwa amesoma mikono ya watu kwenye mbao, mikono ya wafu na ya walio hai. Wake mwenyewe hakuwahi kuuhesabu. Kazini ulikuwa ndani ya glavu.

"Baba," binti alisema, akiuma midomo asicheke, "si wewe ndiye unayemgeuza kila asubuhi?"

"Nyani haoni kundule," mkewe alisema, lakini hakucheka.

"Na wewe ndiye unayemrudisha?" Lenzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini unamrudisha?"

"Mume wangu, mtazame huyo mnyama." Alimgeuza ngiri kwa kitambaa cha kufutia vumbi, akimsukuma kwa kitako cha mbao alichosimamia, kama alivyozoea. Mkia ukasimama wima kuelekea kochi la wageni, na chini ya mkia Marehemu hakuwa amefanya uvivu. Alikuwa amechonga kila kitu. "Wateja wangu wanakaa pale. Wanavua viatu, wanakaa, wanatazamana na matako ya ngiri. Ndiyo maana namrudisha. Sasa mapenzi yako wapi hapo?"

Hapo binti alishindwa, akalala juu ya madaftari akicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Lenzi naye alitamani kucheka. Kidogo tu angecheka. Lakini mkewe alikuwa bado anamtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mimi nilikuwa nikidhani unamsalimia, na kumgeuza ni utani wako tu," alisema. "Nasikia unavyokuja asubuhi. Unapita nyuma ya kiti changu, unakwenda kwake, unamshika. Nikawa najiambia, basi, kila mtu na njia yake, anaomba radhi kwa mwenye nyumba. Miaka tisa, kila asubuhi, mkono wako unakwenda pale. Leo umeniletea kioo, umenionyesha mbao imelika." Akajigusa bega, juu ya gauni. "Hebu tazama na hapa. Mimi nimelika wapi?"

Kulikuwa na fomu mfukoni mwake na kioo mezani, na vyote viwili havikumsaidia. Mkewe alirudi kwenye shati lake, akageuza ukosi, akashona. Binti alikusanya madaftari kimyakimya akaenda nayo chumbani.

Baada ya muda Lenzi alikaa kwenye kiti cha binti, akaikunjua fomu. Juu kabisa aliandika kwamba kitu hiki kinatoka nyumbani kwake, kwamba alipaswa kusema mapema na hakusema, na kwamba wenyewe wanaomba kukichukua. Kisha akashuka kwenye mstari wa saba. Alama za matumizi: kimeshikwa shingoni na mtu mmoja, mwanamume, mkono wa kushoto, kila siku kwa miaka tisa. Alifikiri. Mstari ulikuwa bado na nafasi ya neno moja la sababu, na yeye hakuwahi kuacha nafasi tupu. Aliandika: wivu. Akatia saini.

Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani na mkoba begani na kikombe cha chai mkononi. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, mgongo kwake, anashona. Juu ya kabati ngiri alikuwa anamwangalia, kichwa chini, meno nje. Mazoea yana taabu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshanyanyuka.

Lenzi aliusimamisha hewani. Ukabaki hapo, mzito, haujui pa kwenda. Kisha akausogeza upande, akautua juu ya bega la mkewe, kidole gumba nyuma ya shingo.

Cherehani ilisimama. Mkewe hakugeuka. Lenzi aliuhisi mfupa wa bega chini ya kitambaa, mdogo kuliko alivyoukumbuka, na hakujua aukaze mkono au aulegeze, kama mtu aliyeshika kitu cha watu.

"Sawa," mkewe alisema, akakanyaga pedali tena. "Ila mimi usinigeuze niangalie ukuta."